Kunguni wasiokuwepo: Gmail moja, watu watano, na kijana aliyeitwa mwizi bure

Wageni walifika Jumatano kama saa tano asubuhi, mume na mke watu wazima kutoka Ujerumani, wameshuka ndege Manda, wamevuka na boti, mabegi yamebebwa na vijana wa gatini mpaka mlangoni mwa nyumba ya wageni kule Mkomani, mjini Lamu, wameketi kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, wanakunywa juisi ya ukwaju, kila kitu sawa. Mume akatoa karatasi aliyoiprinti kwao, akasema nusu tushalipa, euro 640, nusu iliyobaki twalipa leo. Bi mwenye nyumba akaangalia daftari. Akaangalia simu. Akarudi kwa daftari tena. Hakuna arbuni iliyoingia, si benki si M-Pesa, na barua aliyoshika yule mgeni imetoka kwa anwani ya nyumba yake yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, na chini yake kuna salamu zile zile anazomalizia siku zote pamoja na jina lake.

Hapo ndo nikapigiwa simu. "Ndoo, ndoo sasa hivi," yaani njoo, basi, akakata. Mimi natengeneza simu na laptopu, duka liko Langoni, na nyumba hii naijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyewapangia laptopu yao miaka minne nyuma. Hilo likumbukeni, nitalirudia, maana kisa hiki na mimi nina mkono wangu ndani. Majina sitaji, mui ni mdogo na wenye kujua wajua, mwenyewe Bi kaniruhusu niandike bora nisiseme ni nyumba gani.

Nilipofika nikakuta kesi ishahukumiwa. Mwizi kapatikana kabla laptopu haijafunguliwa: kijana wa mapokezi, mtoto wa kaka yake Bi, miaka ishirini na mbili, yeye ndiye anayejibu barua za wageni, yeye ndiye anayejua paswedi, na yeye ndiye aliyenunua simu mpya mwezi ule. Hiyo simu mpya ndo ilikuwa ushahidi wote. Mpishi anasema "mimi nilisema", nahodha wa jahazi anasema vijana wa siku hizi wajua mambo ya mitandao, jirani kaingia kuazima ufunguo wa tangi naye ana lake la kusema. Kijana alikuwa ashapelekwa kwao Faza na boti ya mchana, hakula, alichosema ni "shangazi, wallahi si mimi" halafu akanyamaza, na kule kunyamaza watu nako wakakuhesabu.

Nasema hivi ili mjue ukubwa wa jambo. Kuingia kwenye kompyuta au akaunti ya mtu bila ruhusa, kwa sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya Kenya ya 2018, ni faini mpaka shilingi milioni 5 au jela mpaka miaka mitatu, au vyote viwili. Hilo ndo walilokuwa wakimbebesha mtoto wa watu kwa sababu ya simu mpya.

Funguo zilivyokuwa

Nyumba ina vyumba saba. Gmail ni moja. Walioitumia: Bi mwenyewe, kijana, binti yake Bi aliyeko Mombasa ambaye huangalia tovuti za kubukia vyumba, jamaa wa mahesabu anayekuja mwisho wa mwezi, na nahodha, ambaye alipewa ili aone wageni wangapi wataka kwenda Kipungani au Manda Toto wiki hiyo. Watano. Paswedi ilikuwa jina la nyumba na mwaka waliofungua, na kwa usahaulifu wa watu ilikuwa imeandikwa kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la funguo, pale mapokezi, mgeni yeyote akikabidhiwa ufunguo wake aiona. Paswedi hiyo hiyo ndo ya tovuti ya kubukia, ndo ya Facebook ya nyumba, na ukitoa herufi mbili ndo ya Wi-Fi.

Aliyeichagua ni mimi. Nilitaka kitu rahisi wasinisumbue kila siku, huo ndo ukweli. Na kitu kingine, siku ile akaunti iliomba namba ya simu ya kurudishia, yaani ile ambayo Google watakutumia tahadhari ukipata shida, aliyekuwa karibu yangu alikuwa mfanyakazi mmoja ambaye baadaye alihamia Malindi, nikamwambia hebu nipe namba yako, nikaiweka. Mwaka wa pili akaacha kazi. Namba haikuondolewa, na laini ile mwenyewe aliitupa zamani, na laini isiyotumika hapa Kenya huchukuliwa ikauzwa kwa mtu mwingine, kwa hivyo hata leo sijui tahadhari za ile nyumba zilikuwa zaingia kwa simu ya nani.

Tulivyotafuta

Niliketi dakani, pale ukumbi wa mlangoni, na laptopu, Bi pembeni yangu kwenye baraza, binti yake kwa spika ya simu kutoka Mombasa. Kabla ya kugusa kitu nilipiga picha za skrini kwa simu yangu, kila nilichofungua nikakipiga picha kwanza. Watu wengi wakidukuliwa mkono wa kwanza ni kufuta, wafuta barua mbaya, wafuta kila kitu kwa hasira, halafu polisi au benki wakiuliza ushahidi uko wapi hakuna.

Kitu cha kwanza: ukifungua Gmail kwa kompyuta, shuka mpaka chini kabisa upande wa kulia, kuna maandishi madogo yakwambia akaunti ilitumika lini mara ya mwisho, na hapo hapo kuna neno la maelezo la kubonyeza. Itatoka jedwali, saa ngapi, kwa kitu gani, kutoka wapi. Nyingi zilikuwa za Kenya, za kawaida. Mbili zilikuwa za nchi ya Ulaya ambayo hakuna mtu wa nyumba ile ashawahi kwenda. Nikawaambia, mwaona? Jirani akaniambia, VPN. Na akanishinda, maana kweli VPN yaweza kukuonyesha uko Ulaya na wewe uko Langoni ukila mahamri. Jedwali lile halimsafishi mtu wala halimfungi mtu. Nikaendelea.

Kitu cha pili ndicho kilichonifanya nikae vizuri. Kwenye mipangilio ya Gmail kuna sehemu ya filta, yaani amri za kupanga barua zinazoingia, ambayo wafanyabiashara wengi hawajawahi hata kuifungua. Zilikuwemo tatu. Ya kwanza yasema barua yoyote kutoka kwa anwani hizi tatu, za wageni watatu waliokuwa wanatarajiwa, isipite kwenye kikasha, iwekwe kando na ihesabiwe ishasomwa. Ya pili, barua yoyote yenye neno la malipo au la arbuni kwa Kiingereza, hivyo hivyo. Ya tatu, tahadhari za usalama kutoka Google zitupwe moja kwa moja.

Yaani mwizi aliweka bawabu wake ndani ya nyumba ya watu. Mjerumani akajibu "tumelipa, risiti hii hapa", barua ikaingia kweli, lakini ikapitishwa mlango wa nyuma, kijana pale mapokezi afungua kikasha haoni kitu. Kama ni yeye mwizi, angejifichia mwenyewe barua kwa nini, na yeye ndiye anayezijibu? Hapo nilianza kuona. Lakini bado ni hoja tu, na nyumba ile siku ile haikuwa na hamu ya hoja.

Kitu cha tatu kikatoka kwa takataka. Gmail ikitupa barua haifi papo hapo, hukaa siku 30 kwenye pipa, na mwizi alisahau kulimwaga. Ile tahadhari ya Google ilikuwemo: kompyuta mpya ya Windows imeingia kwenye akaunti yako, Jumamosi, saa mbili na dakika kumi na saba usiku. Siku kumi na moja kabla ya Wajerumani kufika. Nikafungua historia ya kivinjari kwenye laptopu ile ile niliyoipakata, Jumamosi hiyo hiyo, saa mbili na dakika kumi na nne kuna ukurasa ulifunguliwa. Dakika tatu kabla.

Nikauliza, Jumamosi ile laptopu alikuwa nayo nani? Kimya. Binti kule Mombasa akasema, "Mama, si Jumamosi ile wote walikwenda harusini Faza?" Na kweli, ilikuwa harusi ya binamu yake kijana, alikwenda Ijumaa akarudi Jumatatu, na nahodha ndiye aliyewabeba.

Usiku wa kunguni

Nikamsomea Bi ile barua iliyomleta mtu kwenye ukurasa ule. Ilikuwa ya malalamiko, imevalishwa nguo za tovuti ya kubukia vyumba, nembo, rangi, kila kitu. Inasema mgeni aliyelala kwako wiki jana ameumwa na kunguni, ameleta picha, bonyeza hapa uzione, usipojibu ndani ya saa 24 nyumba yako itaondolewa kwenye tovuti.

Sikufika katikati. Bi alishika ncha ya mtandio wake akajifunika mdomo, akasema polepole, "Ni mimi."

Basi akaeleza. Alikuwa peke yake na mpishi. Stima ilikuwa imekatika tangu magharibi ikarudi, akafungua laptopu aangalie kama kuna mgeni, akakuta ile barua. Kunguni! Nyumba ya vyumba saba, msimu ndo huo waanza, na mtu asema ana picha. Akabonyeza. Ukurasa ukamwambia ingia kwa Gmail yako, akaandika anwani, akaandika paswedi, ukazunguka kidogo halafu ukamfungulia tovuti ya kweli, hakuna picha wala nini. Akadhani ni mtandao. Na usiku ule yeye na mpishi wakaingia chumba kwa chumba na tochi, wakainua magodoro yote, wakachungulia kwenye mishono na kwenye nyufa za vitanda mpaka saa saba. Hawakuona hata mmoja. Asubuhi akamwapiza mpishi asimwambie mtu, kwa sababu kunguni ni aibu, habari kama hiyo ikifika Mkunguni saa mbili, saa nne iko Shela.

Hii ndo sehemu ambayo mimi nairudia kichwani mpaka leo. Mwizi hakuvunja kitu. Hakuwa na haja ya kujua kompyuta sana. Alijua kitu kimoja tu, kwamba mwenye nyumba ya wageni ukimtajia kunguni hatauliza mtu, ataona haya, na atabonyeza. Angemwambia ameshinda bahati nasibu angecheka. Mpishi alikuwa anajua, akanyamaza kwa kiapo, na wakati kijana aitwa mwizi mpishi yule yule akasema "mimi nilisema". Sikumlaumu mbele ya watu lakini niliona.

Na msidhani ni Lamu ndo tumewekewa jicho. Machi 2025 Microsoft walitoa ripoti ya genge linalojifanya Booking.com likiwaandikia wafanyakazi wa mahoteli nchi nyingi, tangu Desemba 2024, mambo ni yale yale, malalamiko ya wageni, bonyeza hapa. Tena la kwao ni baya zaidi, ukurasa ule unakwambia thibitisha wewe si roboti, bonyeza Windows na R halafu ubandike hiki ukubali, na ukifanya hivyo umejiingizia virusi kwa mkono wako. Hakuna tovuti ya kweli itakayokuagiza ubandike maneno usiyoyajua ndani ya kompyuta yako. Na hii ya kubadilisha akaunti ya malipo kupitia barua pepe ya kweli ya biashara, FBI ya Marekani mwaka 2023 pekee ilipokea malalamiko ya hasara ya dola bilioni 2.9. Bi wetu na euro zake 640 ni tone mle.

Kuhusu anwani ya ule ukurasa, nilimfundisha Bi hivi, na nimeona watu wazima washika haraka. Jina la tovuti lisome kama jina la mtu wa hapa kwetu. Mtu atajwa, kisha babake, kisha mwisho kabisa ukoo, na ukoo ndio wa kuangalia. Tafuta ule mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, rudi nyuma kushoto, vipande viwili vya mwisho ndo ukoo, au vitatu ikiwa mwisho wake ni kama co.ke. Mwanzoni waweza kuandika lolote, waweza kuandika Google, waweza kuandika jina la benki, kama vile mimi naweza kujiita Sharifu kesho asubuhi. Ule ukurasa mwanzo wake ulikuwa jina la tovuti anayoijua, ukoo wake ukawa kitu cha ajabu ambacho hata hakitamkiki. Kwa simu ni vigumu zaidi kwa sababu yaonyesha kipande tu, kwa hivyo dawa nyepesi ni kutobonyeza linki kabisa, funga barua, fungua apu au tovuti yenyewe kwa njia unayoipita siku zote, kama kuna malalamiko utayakuta huko.

Siku kumi na moja

Mwizi baada ya kuingia hakufanya fujo. Alisoma. Barua za miaka minne, aone Bi anavyowaandikia wageni, anavyosalimu, bei gani, nani anakuja lini. Halafu akawaandikia watatu, usiku wa manane wakati hapa watu wamelala: kwa sababu ya mabadiliko ya benki, tafadhali lipa nusu kabla ya kufika kwenye akaunti hii, na akaunti iko Ulaya. Wajerumani wakalipa siku hiyo hiyo. Mfaransa hakujibu, pengine hasomi barua zake. Wa tatu alikuwa mama wa Nairobi na kundi lake, huyo akashangaa nyumba ya Lamu yataka pesa Ulaya kwa nini, akapiga simu. Aliyepokea ni kijana. Akamwambia hapana mama, sisi hatujabadilisha kitu, wewe utalipa ukifika, usiijali hiyo.

Hilo nililipata kwa yule mama mwenyewe nilipompigia jioni. Mwizi gani huyo anayemzuia mtu asilipe? Lakini hapa kijana ana kosa lake na nilimwambia baadaye, alichukulia ni barua za uongo za kawaida akaacha hapo, hakumwambia shangazi, hakuwaandikia wageni wengine. Siku nne kabla ya Wajerumani kufika. Angesema siku ile, pesa zilikuwa bado zina nafasi ya kukimbiliwa na benki yao. Alipoulizwa kwa nini hakusema akajibu, kila nikileta habari ya kompyuta naambiwa niache kucheza na simu. Haya.

Kusafisha

Tulibadilisha paswedi kwa simu yangu, siyo kwa laptopu, kwa sababu hujui kama laptopu ina mdudu (niliisafisha baadaye, haikuwa na kitu, ila ni Windows 10, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, nimewaambia wapange pesa). Paswedi mpya ni maneno manne yasiyohusiana, ndefu, ya Kiswahili, anaikumbuka bila penseli. Tukatoa vifaa vyote nje ya akaunti. Tukafuta zile filta, tukaangalia kama kuna barua zafowadiwa kwa mtu, tukaondoa namba ya Malindi. Halafu tovuti ya kubukia, Facebook, kila mahali ilipokuwa paswedi ile. Kwenye WhatsApp ya nyumba tukafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa tukakuta kompyuta moja hakuna anayeikumbuka, nadhani ni ya saiba walipokwenda kuprinti vocha za wageni. Tukaiondoa, tukaweka ile pini ya tarakimu sita, ili siku mtu akipata kodi ya kusajilia, zile tarakimu za meseji, kwa ujanja asiweze kuhamisha WhatsApp yenyewe.

Tukafika kwenye uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi kuna kodi inayotumwa kwa simu, na hapa Bi akanipa jibu ambalo biashara zote ndogo hunipa: "Hiyo kodi itaingia kwa simu moja, na sisi tu watano." Miaka minne nyuma aliniambia hivyo hivyo nikasema basi tuache. Safari hii sikuacha, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu mchana ule. Tatizo la ile nyumba lilikuwa zaidi ya mwizi kuingia. Alipoingia, alionekana kama mmoja wao. Watu watano na ufunguo mmoja, lolote likitokea hakuna awezaye kusema si mimi, na anayelipa ni mdogo kuliko wote. Tuliona ni heri Bi hakuwa ashaita polisi.

Gmail ina kitu cha kukaimisha, hata hii ya bure. Mwenye akaunti ni mmoja, Bi, na hatua mbili ziko kwa simu yake. Wengine kila mmoja ana Gmail yake mwenyewe, na Bi anawapa ruhusa ya kusoma na kujibu kwenye kikasha cha nyumba, mpaka watu 10, lakini hawawezi kubadilisha paswedi. Kwa kompyuta ndo inafanya vizuri, na ukishawaalika yaweza kuchukua mpaka siku nzima ndo ishike. Mtu akiondoka kazini unamwondoa yeye peke yake, hubadilishi kufuli la nyumba nzima. Nahodha tulimwondoa kabisa, hahitaji, siku za safari anatumiwa orodha kwa WhatsApp. Akanuna kidogo. Akasema yeye mambo ya imeili hayamhusu, yeye ni simu tu, nikamkumbusha yule mteja aliyemwonyesha meseji ya M-Pesa ya kutunga akashukishwa Shela na pesa hazikuingia. Meseji yaweza kuandikwa na yeyote, salio haliwezi. Akacheka.

Zile kodi 10 za akiba ambazo Google wanakupa ukipoteza simu tumeziprinti, ziko kwa sanduku la chuma pamoja na hati ya nyumba. Na tukakubaliana, akaunti ya malipo haibadilishwi kwa barua, hata ikiwa kweli imebadilika mgeni anapigiwa simu kwa namba iliyokuwepo kabla, asikie sauti. Niseme pia wazi, kodi ya hatua mbili nayo yaweza kuibwa ukiiandika kwenye ukurasa wa uongo, kwa hivyo tumemwekea Bi passkey, ufunguo wa kidijitali unaokaa ndani ya simu, kwa simu yake, anafungua kwa kidole, na ile haikubali kutumika kwenye tovuti isiyo ya kweli hata mtu adanganyike vipi.

Pasipoti

Hili sikulitegemea. Nikitafuta barua za mwizi nikakutana na pasipoti, nyingi, picha za wageni wa miaka minne, wametuma kwa barua pepe kabla ya kufika kwa sababu nyumba inawaomba. Zote mwizi alikaa nazo siku kumi na moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yasema ukijua data za watu zimeingiliwa na zaweza kuwadhuru, umwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenyewe pia waambiwe. Bi akasema, "Sisi ni wadogo sisi." Kwa kujisajili kwa Kamishna ni kweli biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa, lakini kanuni za 2021 zina orodha ya biashara ambazo msamaha huo hauzigusi, na biashara za ukarimu zimo. Binti yake akashika hilo, akaandika kwa Kamishna siku ya pili na kwa wageni wote mmoja mmoja. Wawili walijibu kwa ukali, wengi walishukuru. Sasa pasipoti inaangaliwa mgeni akifika, namba inaandikwa kwenye daftari, picha haikai.

Pesa hazikurudi mpaka naandika. Tulikwenda polisi na karatasi zetu, tukapewa namba ya OB, daftari la matukio la polisi, Wajerumani wakaitumia kwa benki yao. Bi aliwalaza siku zote nne kama waliolipa, ingawa mahesabu yake yalimwambia wagawane hasara nusu kwa nusu. Wamebuku tena.

Kijana hakupokea simu siku ile wala ya pili. Siku ya tisa Bi akapanda boti ya asubuhi mwenyewe na kilo mbili za halwa, akaenda Faza, akamwomba radhi mbele ya mamake, na kwa mwanamke wa umri wake na heshima yake hilo si dogo. Kijana alirudi kwa sharti moja, awe na akaunti yake ambayo shangazi mwenyewe hana paswedi yake. Akapewa. Simu mpya, kumbe, alinunuliwa na kakake aliyeko Doha.

Juzi nilikwenda kuwaangalizia printa, nikafungua kabati la funguo. Ile penseli imesuguliwa na msasa lakini ukiinamisha kichwa bado yasomeka. Chini yake kuna karatasi mpya imebandikwa kwa selotepu, ina tarakimu. Moyo ukanipasuka. Nikavaa miwani nikasoma vizuri, namba ya simu ya fundi wa mabomba.